Babu Aliyekataa Kushuka

Kwa nini babu haji kwetu? Hilo ndilo swali nililomchosha nalo mama tangu nilipojua kuunganisha maneno. Watoto wenzangu wa kambi ya wafanyakazi walitembelewa na babu zao kutoka Singida, kutoka Songea, mmoja hata kutoka Kigoma, wakiteremka Moshi na kuku waliofungwa miguu na harufu ya safari ndefu kwenye makoti yao. Babu yangu mimi alikuwa karibu kuliko wote. Asubuhi mawingu yakiondoka, mama aliweza kunionyesha kwa kidole anapokaa.

"Unaona mlima unapoanza kuwa mweusi, kushoto pale? Masama. Ndiko kwa babu yako."

"Mbona haji?"

"Kula uji wako, utapoa."

Nimelikumbuka swali hilo mwezi huu kwa sababu ya harufu. Mwenzangu wa ofisini alirudi likizo na kahawa aliyopewa na shangazi yake, bado ina ganda, na alipofungua mfuko wake ukatoka ule uchachu wa kahawa iliyokobolewa jana ikalala kwenye maji. Nikasimama katikati ya ofisi, faili mkononi. Yeye akafikiri ninaitamani kahawa. Akaniuliza, kama watu wanavyoniuliza siku zote wakisikia ninakotoka, eti mgeni akija Moshi ampeleke wapi ukiacha kileleni na mbugani. Nilimjibu ovyo tu. Mahali ambapo ningempeleka hapana lango wala tiketi, na safari yenyewe mimi niliifanya mara ya kwanza nikiwa sijui naenda kufanya nini.

Tulikuwa tunaishi kwenye mashamba ya miwa, kusini mwa mji, tambarare kabisa. Baba alikuwa mtu wa Njombe, fundi wa mitambo kiwandani. Kambi yetu ilikuwa na watu wa kila kabila na nyumba za aina moja, na mchana joto lilikaa juu ya mabati kama mgeni asiyeaga. Jioni mbu walipokezana na inzi. Na juu ya hayo yote, upande wa kaskazini, ulikaa mlima na kichwa chake cheupe.

Sisi watoto wa kambi tulijua ule weupe ni nini. Ulikuwa sukari. Ungekuwa nini kingine? Tuliona sukari ikitengenezwa hapo hapo, tuliona malori yakiondoka yamejaa, na bado mama zetu walipanga foleni dukani wakarudi na vikapu vitupu na hasira. Basi ilikuwa inakwenda wapi? Inua macho uone. Nilimuuliza baba, akasema ile ni baridi iliyoganda. Sikumwamini. Baridi naijua, haina rangi. Jambo moja tu lilinitatiza: mbona sisimizi hawaonekani? Nikaamua kwamba lazima kuna mlinzi anayewafukuza. Na kwa kuwa babu alikaa huko huko, na hakuwahi kutoka hata siku moja, mlinzi mwenyewe alikuwa yeye. Nililala vizuri siku niliyogundua hilo. Babu haji kwetu kwa sababu yuko kazini.

Ukweli mwingine niliuokota chini ya meza, pale watoto wanapookotea mambo mengi. Mama alikuwa Mchaga aliyeolewa na chasaka, yaani mtu wa kuja, asiye Mchaga. Ndoa ilifungwa kanisani mjini. Babu hakufika. Alituma ujumbe kwa mdomo wa jirani kwamba aliyeshuka ameshuka. Tangu hapo mama hakupanda.

Kisha tumbo la mama likawa kubwa, na jioni moja nikawasikia wakiongea huku baba anakula.

"Nataka nikajifungulie nyumbani," mama alisema.

"Hapa si nyumbani? Zahanati ile pale."

"Zahanati haipiki mtori, Baba Tumaini." Tumaini ni mimi. "Nilipomzaa huyu, kitovu chake hakijadondoka mimi nafua nepi bombani. Kwetu mzazi anawekwa ndani. Anapikiwa, anakandwa, mama yake anamlisha kwa mkono mpaka mashavu yang'ae. Miezi mitatu. Safari hii nataka mama yangu."

Baba alimega tonge akalizungusha vidoleni bila kulila. "Na mzee akikufukuza?"

"Nitarudi."

"Na tumbo hilo? Ule mlima wote?"

Baba akala lile tonge, akacheka kidogo ili kumchekesha. "Basi mwambie chasaka anamsalimia. Mwambie sijala mtu bado."

Mama hakucheka. Nilimwona anabana khanga yake chini ya tumbo, kama mtu anayefunga mzigo asioweza kumwachia mwingine abebe.

Tuliondoka na gari la wafanyakazi mpaka mjini, tukapanda basi mpaka Boma Ng'ombe, na hapo mama akamwomba dereva wa lori la kahawa lililokuwa linapanda tupu kwenda kuchukua magunia. Dereva alimtazama tumbo, akampisha akae mbele. "Shikilia hapo, dada," alisema. "Ukizaa humu ndani, mtoto nampa jina la lori." Mimi nilikaa juu ya mapaja ya mama yaliyobaki, nikiwa nimekumbatia mfuko wenye zawadi yetu: sukari, nyeupe, kavu, ambayo baba aliihangaikia majuma kadhaa. Niliona ni ajabu kumpelekea sukari mtu anayelinda sukari. Lakini nilinyamaza, nikijua kwamba wakubwa hupenda kujionea.

Nilichokuwa sijui ni kwamba dunia hubadilika rangi ukipanda. Kwetu mbingu ilianzia ardhini. Huku barabara iliingia chini ya migomba, na chini ya migomba kulikuwa na kahawa, na juu ya migomba miti mirefu, mpaka jua likawa vipande vipande kwenye kioo cha lori. Na maji! Kila mahali, pembeni mwa njia, yalipita maji kwenye mifereji iliyochimbwa kwa mikono, yakipinda na kilima kama yanajua anwani. Kwetu maji yalitoka bombani kwa zamu na kelele. Haya yalikuwa yanaongea chini chini, kama watu wanaojuana.

Dereva alitushusha kwenye kituo cha kukusanyia kahawa. Kuanzia hapo ni miguu. Mama alipumzika kila palipokuwa na jiwe. Kwenye kona moja alikuwapo mama mzee anachuma kahawa, na mpaka wa shamba lake ulikuwa umepandwa masale, ile mimea ya majani marefu, ya kijani, yanayochomoka kama panga. Mama akamwamkia shikamoo, kisha akaomba jani moja.

Yule mama mzee alimtazama tumbo, akanitazama mimi, akatazama tena juu njia inakokwenda. "Unampelekea nani?"

Mama akataja jina la baba yake.

"Yule?" mama mzee alisema, akageuka kwenye mpaka wake. "Chukua mawili."

Wakacheka wote, mama mpaka akashika mgongo. Lakini alichukua moja tu. Akalifunga fundo katikati, taratibu, akanipa. "Shika vizuri. Usilipoteze. Tukifika nitakuomba."

Ninavyojijua, kuanzia hapo sikuwa na amani. Nililishika lile jani nikalifikiria. Mfuko wa sukari mzuri, baba amehangaika. Halafu jani. Jani! Tunapita kwenye majani, tunakanyaga majani, kila mpaka wa kila shamba una masale hayo hayo, na sisi tunamchukulia mzee jani, tena lililokunjwa. Ni kama kumpelekea mtu wa kambini mua. Atatucheka. Atasema binti yangu amekaa huko chini mpaka amekuwa maskini wa kuniletea nyasi. Mama alipoinama kwenye mfereji kunawa uso, nilifungua fundo, nikalilaza jani juu ya maji. Lilikwenda vizuri sana. Liligeuka mara moja, likanyooka, likashuka na mkondo likapotea migombani. Nilihisi nimeiokoa familia.

Babu alikuwa amesimama uani, jembe mkononi, kama mtu aliyeambiwa tangu asubuhi kwamba tunakuja. Huko mlimani habari hutembea kwa miguu myepesi kuliko ya mjamzito. Alikuwa mwembamba, amevaa koti la mvua ingawa hapakuwa na mvua. Nilitafuta sukari kwenye mabega yake. Hakuwa nayo.

"Shikamoo, baba," mama alisema kutoka pale pale njiani. Hakuvuka mfereji mdogo unaoingilia uani.

Babu hakuitika. Mlangoni, gizani, nilimwona bibi, mkono mdomoni.

"Baba, nimekuja," mama alisema. Sauti yake sikuijua. Ilikuwa ya mtoto. Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. "Tumaini. Lete."

Nikampa mfuko wa sukari.

"Si hiyo. Jani."

"Nimelitupa."

Mama aligeuka. Nimewahi kuona watu wakipokea habari za msiba, na wengine hugeuka hivyo, polepole, wakitumaini kwamba watakapomaliza kugeuka neno litakuwa limebadilika.

"Umelitupa?"

"Huku majani yamejaa, mama. Tungeaibika."

Ng'ombe alikohoa ndani ya nyumba, nami nikashangaa kwamba ng'ombe anakaa ndani. Sikujua, kwa sababu hakuna aliyekuwa amenieleza, kwamba Mchaga akiletewa sale lililofungwa fundo hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Hata kwa damu iliyomwagika. Anayelikataa ndiye anayegeuka mkosaji. Mama alikuwa amepanda mlima na silaha moja tu isiyoshindwa, na mimi nilikuwa nimeiweka majini. Sasa babu alikuwa huru. Angeweza kusema hapana, na hapana yoyote duniani ingekuwa halali yake.

Aliweka jembe chini. Akaja mpaka ukingoni mwa mfereji, akachuchumaa, macho yake yakawa sawa na yangu.

"Ulilitupa wapi?"

"Kwenye maji."

"Maji yalikuwa yanakwenda wapi?"

Nilishangaa mtu mzima kuuliza swali kama hilo. "Chini."

"Chini wapi?"

Niligeuka nimwonyeshe, na hapo ndipo nilipoona. Kati ya migomba kulikuwa na uwazi, na kwenye uwazi huo dunia yote ilikuwa imelala chini yetu: tambarare ya rangi ya vumbi, na katikati yake, mbali kabisa, kipande kimoja cha kijani kibichi na uzi wa moshi. Nilikuwa sijawahi kuona mahali ninapokaa. Nilidhani mlima ndio unaotazamwa. Kumbe na wenyewe ulikuwa umekaa hapo siku zote unatutazama.

"Kwetu," nikasema. "Lilikwenda kwetu."

Babu aliitazama ile tambarare kwa muda mrefu kiasi kwamba mama alihamisha uzito wa mwili kutoka mguu huu kwenda ule. Kisha akanivuta karibu, na badala ya kunisalimia akanibonyeza tumbo kwa vidole viwili, chini ya mbavu za kushoto, kwa nguvu, akisikiliza kwa vidole. Nilijua anatafuta nini: sukari niliyoiiba. Nikakaza tumbo.

"Legeza," alisema.

Nikalegeza. Akabonyeza tena. Akashusha pumzi.

"Huyu mzima," alisema, si kwetu. Kisha akainuka, akatazama pembeni, na kwa sauti ya mtu anayeita mtu aliyeko shambani, akamwita mama kwa jina lake, "Aikaeli. Ingia ndani."

Bibi alikuwa ameshatoka. Alimpita babu kana kwamba ni mgomba. "Mtori umeganda nikiwasubiri mmalize bunge lenu," alisema, akamshika mama kiunoni, na mama akavuka ule mfereji mdogo akilia kwa sauti bila kujificha.

"Utazalia hapa," babu alisema nyuma yao. "Huko chini hakuna kuzalia."

Hilo likaniuma. Nilikuwa nimetembea sana na sikukubali kutukanwa. "Kwetu kuna umeme," nikamwambia. "Nyie mnalala na ng'ombe."

"Ng'ombe wangu anapiga kelele?"

"Hapana."

"Mitambo ya baba yako?"

"Inapiga."

"Basi nani kalala vizuri?"

Hiyo ndiyo safari ambayo ningempa mgeni, kama ningeweza. Ningemlaza kwenye nyumba ile yenye joto la ng'ombe na moshi wa kuni, asikie zamu ya maji ikifunguliwa alfajiri na watu wakigombana kwa heshima juu ya nani kachelewa kuziba mfereji. Ningempa mtori kwenye bakuli la bati, ndizi zilizopondwa na nyama zikawa kitu kimoja, auchome ulimi wake kwa tamaa kama nilivyouchoma mimi. Ningemkalisha kwenye kile kigogo nje, mahali babu alipokaa nami kila jioni wakati mdogo wangu wa kiume, aliyezaliwa kabla ya kahawa kwisha, analia ndani na mama ananenepa gizani kama malkia. Kutoka pale theluji huwezi kuiona, migomba imeziba. Nililalamika sana nilipogundua hivyo. Babu akaniuliza nilikuwa naitakia nini, nikamweleza habari za sukari na mlinzi wake, na ndiyo mara ya kwanza nilimwona akicheka, bila sauti, mabega yakipanda na kushuka.

Tulichokuwa tunakitazama, yeye na mimi, ni taa za kiwanda zikianza kuwaka chini.

"Njoo kwetu, babu. Nitakuonyesha sukari ikitoka."

"Miguu yangu haiijui njia hiyo."

Baba alipanda kumwona mtoto. Babu alimpokea kwa kibuyu cha mbege, pombe ya ndizi, akamwambia, "Karibu, chasaka. Nasikia bado hujala mtu," na baba akanywa mpaka akaimba nyimbo za kwao. Baada ya hapo tulipanda kila mwaka. Wajomba walishuka kwetu, bibi alishuka na mizigo ya ndizi. Babu alitusindikiza mpaka ukingo wa chini wa kihamba chake, lile shamba la ukoo, na hapo akasimama, siku zote, kama kuna ukuta.

Nilipofika chuo kikuu nilikuwa nimeshapata jibu langu, nalo lilikuwa la kisasa. Ukabila. Tulikuwa tunajadili mambo makubwa bwenini siku zile, taifa na tabaka na mila zilizopitwa na wakati, na mimi nilimtoa babu yangu kama mfano, mzee aliyeweza kumsamehe binti yake lakini asiweze kukanyaga ardhi ya watu wa kuja. Hata kule kunibonyeza tumbo nilikwisha kupata maana yake. Mwalimu wa biolojia alitufundisha kwamba homa ya mbu ikimrudia mtoto mara nyingi bandama lake huvimba, na ukibonyeza chini ya mbavu za kushoto utaligusa. Nikasema, basi, mzee alikuwa anakagua mali kabla ya kuipokea, kama anavyokagua ndama mnadani. Watu walicheka. Nilikuwa hodari wa kueleza.

Babu alifariki wakati wa mvua, akazikwa kihambani mwake, pale kigogo kilipokuwa. Siku chache baada ya maziko tulikuwa jikoni kwa bibi, mama na mimi na yeye, tunamenya ndizi. Nilimuuliza bibi, na nakiri niliuliza nikiwa na jibu tayari mfukoni, kwa nini yule mzee hakushuka hata siku moja.

Bibi hakuinua macho.

"Alishuka," alisema. "Tulikaa huko chini sisi, kabla ya mama yako. Alikuwa anakata miwa. Tulikuwa na mtoto wa kike, ameanza kutembea. Homa ikamchukua. Hapakuwa na gari la kutupandishia maiti, tukamzika huko huko, pembeni mwa miwa, na mwaka uliofuata wakapalima. Babu yako aliapa."

Nilisikia kisu cha mama kikisimama.

"Mtoto huyo," niliuliza, "mlimwita nani?"

"Aikaeli," bibi alisema. Mama, aliyeitikia jina hilo maisha yake yote, alikuwa hajawahi kuambiwa kwamba lilikuwa na mwenyewe.